Njeo Nne za Ufunuo: Historia Fupi ya Jinsi Wakristo Walivyousoma Unabii wa Siku za Mwisho

Utangulizi

Katika nchi zetu za Maziwa Makuu ni vigumu wiki ipite bila mtu kusikia mahubiri juu ya siku za mwisho. Husikika redioni, sokoni, kwenye vituo vya mabasi na katika mikutano ya hadhara, na mengi kati yake hutolewa kwa Kiswahili au hutafsiriwa papo hapo kwa Kiswahili. Maneno kama Mpinga Kristo, dhiki kuu, unyakuo na chapa ya mnyama yamekuwa msamiati wa kawaida hata kwa watu wasioingia kanisani. Mwanafunzi anayekuja katika darasa letu la fasihi au la tafsiri huja nayo tayari, na mara nyingi huja na maana moja tu, ile aliyoisikia kwanza.

Katika makala hii tunakusudia kueleza kwa ufupi jinsi Wakristo wa nyakati mbalimbali walivyoufasiri unabii huo, hasa vitabu vya Danieli na Ufunuo wa Yohana. Hatukusudii kuamua nani ana haki na nani hana, kwani hiyo ni kazi ya makanisa yenyewe. Sisi ni walimu wa lugha, na suala hili linatuhusu kwa sababu chimbuko lake ni usomaji: maana ya neno, njeo ya kitenzi, uzito wa namba, na utanzu wa andiko. Tutajaribu kuonyesha kwamba kila mkabala mkubwa umekuwa na wasomi wa kuheshimika, na kwamba maafa yaliyotokea yalitegemea zaidi jambo jingine, yaani iwapo msikilizaji aliachiwa nafasi ya kuuliza swali.

Andiko moja, njeo nne

Kwanza tuyatazame maandiko yenyewe. Kitabu cha Danieli kiliandikwa kwa lugha mbili, sehemu kwa Kiebrania na sehemu kwa Kiaramu. Ufunuo uliandikwa kwa Kigiriki na kupelekwa kwa makanisa saba ya Asia Ndogo, ambayo leo ni sehemu ya Uturuki. Wanazuoni wengi huuweka karibu na mwaka wa 95, wakati wa Kaisari Domitian. Wengine huurudisha nyuma hadi kabla ya mwaka wa 70, karibu na wakati wa Nero. Jina lake la Kigiriki, apokalypsis, lina maana ya kukiondolea kitu kifuniko, na mtafsiri wa Kiswahili alilipata neno linalofaa kabisa: ufunuo.

Wanateolojia wameipa mikabala ya kukisoma kitabu hiki majina mengi. Kwa matumizi ya darasa letu tunapendekeza njia nyepesi zaidi, yaani kuipanga kwa njeo za Kiswahili. Mkabala wa kwanza ni wa -li-: yaliyotabiriwa yalitimia zamani, katika kuangamizwa kwa Yerusalemu mwaka wa 70 na katika mateso chini ya dola ya Rumi. Wa pili ni wa -na-: unabii unaendelea kutimia hatua kwa hatua katika historia yote ya kanisa, na kila kizazi kinaweza kujitafuta kilipo katika orodha hiyo. Wa tatu ni wa -ta-: sehemu kubwa ya kitabu, kuanzia sura ya 4, inahusu mambo ambayo bado hayajaanza. Wa nne ni wa hu-, ile hu- ya mazoea: kitabu hakizungumzii tukio moja la tarehe fulani bali mapambano ya wema na uovu ambayo hutokea kila mahali na kila wakati.

Mfano mmoja utatosha kuonyesha tofauti hizo. Ufunuo 13 unataja namba 666. Msomaji wa -li- hukumbusha kwamba zamani herufi za Kiebrania zilitumika pia kama tarakimu, jambo lisilo geni kwa wanaoijua hesabu ya abjadi katika maandishi ya Kiarabu ya pwani yetu. Jina la Kaisari Nero likiandikwa kwa herufi za Kiebrania hufikia jumla ya 666. Likiandikwa bila ile n ya mwisho, kwa kufuata Kilatini, jumla hupungua kwa 50 na kuwa 616, nayo namba 616 imo kweli katika baadhi ya nakala za kale, ikiwamo karatasi ya mafunjo iliyopatikana Oxyrhynchus huko Misri. Msomaji wa -na-, hasa Mprotestanti wa karne ya 16 hadi ya 19, aliiona namba hiyo katika cheo cha Papa. Msomaji wa -ta- humngoja mtawala ambaye hajaonekana. Msomaji wa hu- husema kwamba sita ni namba isiyofikia saba, yaani ukamilifu, na kwamba kila mamlaka inayodai kuabudiwa ina namba hiyo.

Tukitazama vizuri tutaona kwamba hata neno dogo huweza kuwagawa wasomaji. Aya ya kwanza ya Ufunuo husema kwamba mambo haya yatatukia "upesi". Je, upesi ni karibuni, au ni kwa kasi? Kiswahili, sawa na Kigiriki chenyewe, kinaruhusu maana zote mbili. Msomaji wa -li- hushika ile ya kwanza na kusema kwamba waliopelekewa barua ndio walioyaona. Msomaji wa -ta- hushika ya pili na kusema kwamba mambo yakishaanza yatakwenda mbio.

Siku tatu za Arsinoe

Wakristo wengi wa karne ya 2, miongoni mwao Yustino na Ireneo, waliamini kwamba Kristo angerudi na kutawala duniani kwa miaka elfu halisi. Imani hiyo iliwatia nguvu watu waliokuwa wakiuawa kwa ajili ya dini yao. Huko Frigia, wafuasi wa Montanus walitazamia hata mahali mahususi ambapo Yerusalemu mpya ungeshuka. Kwa upande mwingine, Origene wa Iskanderia, aliyefariki katikati ya karne ya 3, alifundisha kwamba picha hizo hazina budi kufasiriwa kwa maana ya ndani, kwa njia ya istiara.

Mgongano wa pande hizi mbili ulitokea katika bara letu la Afrika, nao umehifadhiwa na mwanahistoria Eusebio wa Kaisaria. Katika eneo la Arsinoe, ambalo leo ni Fayum nchini Misri, askofu mmoja aitwaye Nepos alikuwa ameandika kitabu cha kuwapinga wapenda istiara na kutetea miaka elfu ya duniani. Baada ya kifo chake kitabu hicho kiliendelea kusomwa kwa bidii, na vijiji vizima vikajitenga na wenzao. Dionisio, askofu wa Iskanderia, hakutuma barua ya kuwafukuza. Alikwenda mwenyewe, akawaita makasisi na walimu wa vijiji, akaketi nao kwa siku tatu mfululizo, kuanzia asubuhi hadi jioni, wakikipitia kitabu cha Nepos hoja kwa hoja mbele ya watu wote. Dionisio alimsifu marehemu Nepos kwa imani yake na kwa nyimbo zake, na aliwasifu wasikilizaji kwa jinsi walivyouliza maswali kwa mpangilio na kukubali hoja zilipothibitika. Mwisho wake kiongozi wao, Coracion, alikubali kuacha mafundisho hayo.

Lililo la kuvutia zaidi kwetu ni kwamba Dionisio aliendelea na uchunguzi huo kwa njia ya lugha. Alilinganisha Ufunuo na Injili ya Yohana katika msamiati, mawazo na sarufi. Aliona kwamba Injili imeandikwa kwa Kigiriki kilichonyooka, ilhali Ufunuo una miundo inayovunja kanuni za sarufi na semi zisizo za Kigiriki fasaha. Akahitimisha kwamba waandishi wake ni Yohana wawili tofauti. Hata hivyo hakukitupa kitabu. Alikiri kwamba kinapita ufahamu wake, na kwamba asichokielewa hawezi kukidharau. Kwa hiyo uhakiki wa mtindo, tunaowafundisha wanafunzi wetu kama somo la vyuo vya kisasa, ulikwisha kufanyika Misri katika karne ya 3, na ulifanyika ili kuwarudisha pamoja watu waliokuwa wametengana.

Agostino na namba elfu

Karne moja baadaye, katika Afrika Kaskazini, Tyconius aliandika kanuni saba za kuyafasiri Maandiko. Moja ya kanuni hizo ilihusu nyakati na namba: kwamba namba kama 7, 10 na 12 mara nyingi husimama badala ya ukamilifu wala si hesabu ya kalenda. Tyconius alikuwa wa kundi la Wadonati, lililotengana na Kanisa Katoliki. Juu ya hivyo, Agostino, askofu Mkatoliki wa Hippo (leo Annaba, Algeria), alizipokea kanuni zake na kuwaelekeza wasomaji wake kwazo.

Agostino mwenyewe aliwahi kushika imani ya miaka elfu halisi, kisha akaiacha. Mwaka wa 410 jeshi la Wagothi liliuteka mji wa Rumi, na watu wengi waliona kwamba dunia imefika mwisho. Katika kitabu chake juu ya Mji wa Mungu, alichokiandika kati ya 413 na 426, Agostino alieleza kwamba miaka elfu ya Ufunuo 20 ni kipindi chote cha kanisa tangu kuja kwa Kristo, na kwamba elfu, ikiwa ni kumi mara kumi mara kumi, ni namba ya utimilifu. Maelezo hayo yalitawala makanisa ya Magharibi kwa muda wa zaidi ya miaka 700. Kwa lugha yetu, njeo ya hu- ilikuwa imeshinda.

Historia inageuzwa kalenda

Mabadiliko makubwa yaliletwa na Joachim wa Fiore, mtawa wa Calabria nchini Italia aliyefariki mwaka wa 1202. Yeye aliigawa historia katika enzi tatu, ya Baba, ya Mwana na ya Roho Mtakatifu. Wafuasi wake walichukua siku 1260 zinazotajwa katika Ufunuo, wakazifanya miaka, wakautazamia mwaka wa 1260 kuwa mwanzo wa enzi ya tatu. Mwaka huo makundi ya watu yalitembea kutoka mji hadi mji nchini Italia wakijichapa viboko kwa toba. Mwaka ukapita.

Kanuni ya kuihesabu siku kama mwaka ilitolewa katika Hesabu 14:34 na Ezekieli 4:6, ambako siku kweli zinalinganishwa na miaka. Swali ni iwapo mlinganisho wa mahali pamoja unaweza kuwa kanuni ya mahali pote. Wengi wa watu wa Matengenezo ya Kanisa waliikubali. Martin Luther ni mfano mzuri wa msomaji aliyebadilika. Katika dibaji yake ya 1522 alisema waziwazi kwamba hakukithamini sana kitabu cha Ufunuo. Mwaka wa 1530 aliandika dibaji mpya, akakisoma kama historia ya kanisa iliyoandikwa kabla haijatokea, na Papa akapewa nafasi ya Mpinga Kristo. Picha nazo zilihubiri. Katika toleo la Septemba 1522, yule mwanamke wa Babeli alichorwa akiwa amevaa taji la Papa lenye ngazi tatu. Katika toleo la Desemba mwaka huohuo taji hilo lilipunguzwa.

Wengine hawakuridhika na kusoma kalenda, wakataka kuisukuma. Mjini Münster, Ujerumani, kundi la Wanabaptisti lilishika utawala mwezi wa Februari 1534, likiamini kwamba mji huo ndio Yerusalemu mpya. Kiongozi wao Jan Matthys aliahidi kwamba hukumu ingefika Pasaka ya mwaka huo, na siku hiyo akatoka na watu wachache kulikabili jeshi lililouzingira mji, akauawa. Mrithi wake alijitangaza mfalme. Mji ulianguka Juni 1535 baada ya njaa kali, na vizimba vya chuma vilivyobeba maiti za viongozi vingali vinaning'inia kwenye mnara wa kanisa. Wakatoliki na Walutheri kwa pamoja waliwalaani, na Wanabaptisti wengi waliobaki waligeukia njia ya amani.

Mtu mwingine aliyeusoma unabii kwa makini alikuwa Isaac Newton, yule mwanasayansi. Maandishi yake juu ya Danieli na Ufunuo yalichapishwa mwaka wa 1733, baada ya kifo chake. Alionya kwamba upumbavu wa wafasiri umekuwa kutabiri nyakati, kana kwamba Mungu amewafanya wao kuwa manabii, ilhali unabii ulitolewa ili ueleweke baada ya kutimia. Onyo hilo halikusikilizwa na wengi.

Tarehe 22 Oktoba 1844

William Miller, mkulima Mbaptisti wa jimbo la New York nchini Marekani, alianza kuisoma Biblia aya kwa aya mwaka wa 1816. Hakuwa tapeli. Alikaa na matokeo yake kwa zaidi ya miaka kumi kabla ya kuanza kuhubiri hadharani mwaka wa 1831. Hoja yake kuu ilitoka katika Danieli 8:14, penye namba 2300. Aliichukua kama siku, akazifanya miaka, akaanza kuhesabu kutoka mwaka wa 457 kabla ya Kristo. Ukitoa 457 kutoka 2300 unapata 1843. Na kwa kuwa hakuna mwaka wa sifuri kati ya miaka ya kabla na ya baada ya Kristo, hesabu hufika 1844. Makumi ya maelfu ya watu walisadiki. Magazeti na chati zenye picha za wanyama na tarakimu zilisambazwa miji mingi. Hatimaye mhubiri mwenzake, Samuel Snow, alitaja siku yenyewe: 22 Oktoba 1844. Wapo walioacha mazao shambani bila kuvuna.

Hapa mwalimu wa tafsiri ana jambo la kuongeza. Biblia ya Kiingereza aliyoisoma Miller inasema "siku". Kiebrania hakisemi siku. Kinasema jioni na asubuhi. Biblia ya Kiswahili ya Muungano ya mwaka 1952 ilibaki karibu na Kiebrania na kutaja nyakati za jioni na asubuhi. Kwa sababu hiyo wako wanazuoni wanaoona kwamba panapozungumziwa ni sadaka mbili za kila siku, na kwamba 2300 ni siku 1150 tu, karibu na muda ambao hekalu lilinajisiwa wakati wa mfalme Antioko katika karne ya 2 kabla ya Kristo. Wengine hukataa na kusema kwamba jioni na asubuhi ni siku moja kamili, kama katika Mwanzo 1. Hatuamui hapa. Tunalotaka kuonyesha ni kwamba msomaji wa Kiswahili analiona swali hilo moja kwa moja kwenye ukurasa, ilhali kwa msomaji wa Kiingereza cha Miller mtafsiri alikuwa amekwisha kulijibu.

Siku ilipita. Miller alikiri kwamba amekosea katika hesabu, akabaki na imani yake hadi alipofariki mwaka wa 1849. Wafuasi wengi walirudi kwenye makanisa yao. Kundi jingine lilisoma upya likasema kwamba tarehe ilikuwa sahihi lakini tukio lilikuwa la mbinguni, na tangu hapo likaacha kuweka tarehe ya kurudi kwa Kristo. Kutokana na hilo likazaliwa Kanisa la Waadventista Wasabato mwaka wa 1863, ambalo lilifika Upare, Tanzania, mwaka wa 1903 na Gendia, Kenya, mwaka wa 1906, likajenga shule na hospitali. Watu wanaotazamia mwisho wa dunia wakajenga shule zinazodumu zaidi ya miaka mia. Hilo linatuonya tusiharakishe kusema kwamba imani ya siku za mwisho lazima huwafanya watu waache kazi.

Chimbuko la -li- na -ta- za kisasa

Turudi nyuma kidogo. Baada ya Waprotestanti kumtaja Papa kuwa Mpinga Kristo, wasomi wawili wa Shirika la Yesu nchini Hispania walijibu kwa njia mbili tofauti. Francisco Ribera, aliyefariki mwaka wa 1591, aliuweka unabii mwingi katika wakati ujao. Luis de Alcázar, ambaye kitabu chake kilitoka mwaka wa 1614, aliuweka katika wakati uliopita, yaani katika ushindi wa kanisa juu ya Yerusalemu ya kale na Rumi ya kipagani. Wote wawili walikuwa Wakatoliki, wa shirika moja, na walimtetea Papa yuleyule, lakini mmoja alitumia -ta- na mwenzake -li-.

Cha ajabu ni kwamba njeo ya -ta- baadaye ilishikwa na Waprotestanti wenyewe. John Nelson Darby (1800–1882), kiongozi wa Ndugu wa Plymouth, alifundisha kwamba Kristo atawatwaa kwanza walio wake, kisha ndipo dhiki kuu ianze duniani. Mafundisho hayo yalienea sana kwa njia ya Biblia ya maelezo ya C. I. Scofield ya mwaka 1909, ambamo maelezo ya mfasiri yalichapishwa kwenye ukurasa uleule wa Maandiko, na wasomaji wengi wakashindwa kutenganisha aya na tanbihi. Neno letu la "unyakuo" ni mtoto wa historia hiyo. Katika 1 Wathesalonike 4:17 kipo kitenzi tu, "tutanyakuliwa". Nomino ilifuata pamoja na mafundisho.

Kuundwa kwa dola ya Israeli mwaka wa 1948 kulizidisha mvuto wa mkabala huu. Kitabu cha Hal Lindsey cha mwaka 1970 kilisomwa na mamilioni, na wengi walihesabu kizazi cha miaka 40 kutoka 1948 wakafika 1988. Mwaka huo nao ukapita.

Unabii unapofika kwetu

Wimbi la kwanza kubwa la tarehe katika ukanda wetu lilitoka kwa Charles Taze Russell wa Marekani, aliyefunzwa hesabu hizi na mtu aliyekuwa zamani mfuasi wa Miller. Russell alihesabu miaka 2520 kutoka 606 kabla ya Kristo hadi 1914. Yeye pia alikumbwa na tatizo la mwaka wa sifuri, na baadaye watu wake waliurudisha mwanzo hadi 607. Mwaka wa 1908 Elliot Kamwana alirudi Nyasaland, ambayo leo ni Malawi, akahubiri kwamba Oktoba 1914 utawala wa Wazungu na kodi zake vingekwisha. Maelfu walibatizwa. Serikali ya kikoloni ilimwondoa nchini mwaka wa 1909.

Kutoka hapo ujumbe ulisafiri na wafanyakazi wa migodi hadi Katanga nchini Kongo, na huko ukapata jina la Kiswahili: Kitawala. Neno hili ni somo zuri la mofolojia. Linatokana na Tower, yaani mnara, katika jina la jarida la Russell, Watch Tower, likapewa kiambishi ki-, na mara likashikana na kitenzi kutawala. Kwa msikilizaji wa migodini halikuwa tena jina la jarida la kigeni. Lilikuwa swali la nani atawale. Wabelgiji walilipiga marufuku kundi hilo na kuwahamisha wafuasi wake mikoa ya mbali, na kwa kufanya hivyo wakalieneza. Mwaka wa 1944 uasi wa Wakitawala uliongozwa na Bushiri katika eneo la Masisi, Kivu, ukazimwa kwa damu. Mashahidi wa Yehova wenyewe hawalitambui kundi la Kitawala kuwa lao.

Nchini Afrika Kusini, njeo ya hu- ilitumika kwa namna nyingine. Mwaka wa 1987 mwanateolojia Allan Boesak alichapisha kitabu juu ya Ufunuo akiusoma kama neno la faraja na la kupinga, lililoandikwa na mtu aliyeteswa na dola kwa ajili ya wanaoteswa na dola. Hakutaja tarehe yoyote. Wasomaji wake walimtambua mnyama bila kuhitaji hesabu.

Lakini yapo pia mambo ya kusikitisha. Tarehe 17 Machi 2000, huko Kanungu, kusini-magharibi mwa Uganda, mamia ya watu waliteketea katika nyumba ya ibada iliyokuwa imefungwa, na baadaye makaburi mengine yalifukuliwa sehemu mbalimbali. Walikuwa wafuasi wa kundi lililojiita la Kurejesha Amri Kumi za Mungu, ambalo lilikuwa limeutaja mwisho wa mwaka 1999 kuwa mwisho wa nyakati. Mafundisho yake yalidaiwa kutoka katika njozi za viongozi zaidi kuliko katika kufasiri Danieli au Ufunuo. Jambo moja linapaswa kutushtua sisi walimu wa lugha: katika kambi ya kundi hilo mazungumzo yalizuiwa, na watu waliwasiliana kwa ishara za mikono. Waliouza mashamba yao hawakuwa na sauti ya kuuliza kwa nini tarehe imepita. Mwaka wa 2023, katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi nchini Kenya, ilifukuliwa miili zaidi ya 400, mingi ikiwa ya watoto, ya watu waliohimizwa kufunga hadi kufa ili wakutane na Yesu. Huko nako shule na hospitali zilikataliwa.

Hitimisho na mapendekezo

Historia hii inaonyesha kwamba hakuna njeo inayoweza kulaumiwa peke yake. Hesabu za mwaka kwa siku zilimfikisha Miller kwenye fedheha, lakini pia ziliacha nyuma yake kanisa la shule na hospitali. Kinachotofautisha Arsinoe na Kanungu ni kwamba Arsinoe watu waliketi siku tatu wakiulizana mbele ya wote, na aliyeshindwa kwa hoja aliondoka na heshima yake. Kanungu hata kuzungumza kulikuwa kosa. Miller alitangaza hesabu yake hadharani, ikaonekana imekosea, akakiri, na watu wakabaki hai wa kuijadili.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa walimu wenzetu kwamba maandiko ya namna hii yasiogopwe darasani. Yanaweza kusomwa kwa adabu, bila kukashifu dini ya mtu, kwa maswali ya kawaida ya somo letu. Neno hili katika lugha ya asili lilikuwa nini, na mtafsiri alichagua nini? Namba hii ni hesabu au ni ishara, na tunajuaje? Je, tunasoma aya au tanbihi ya mfasiri? Msemaji anatumia -li-, -na-, -ta- au hu-, na andiko lenyewe linamruhusu? Mwanafunzi aliyezoea kuulizia shairi maswali hayo hatashindwa kuyaulizia mahubiri.

Na kama kuna mahali ambapo swali la namna hiyo likiulizwa mwulizaji huambiwa kwamba amekosa imani, basi mwanafunzi wetu awe amekwisha kujifunza kwetu kwamba kuuliza si ujinga, na kwamba askofu wa Iskanderia aliwasifu watu wa vijijini kwa sababu hiyohiyo.